Mlima Uliofungwa Jumamosi

Merlinda Gumban alikuwa katika mwaka wake wa saba Bangkok, na katika simu alizopiga kwao Iloilo alikuwa ameshaijenga Bangkok upya kwa mdomo. Ukimsikiliza, hakukuwa na kichochoro asichokijua. Wauza maua walimwita kwa jina. Kithai alikiota usingizini.

Mimi nilipanga chumba kilichopakana na chake, na nilifundisha hesabu katika shule ileile aliyofundisha yeye chekechea. Kwa hiyo nilijua ukweli. Merlinda aliijua njia ya kutoka chumbani hadi shuleni, ya shuleni hadi sokoni, na ya sokoni hadi kanisani. Kithai chake kilikuwa cha tumbo: kuagiza chakula, kukataa pilipili, kuomba apunguziwe bei, basi. Haikuwa uvivu. Jioni zote alifundisha watoto wa watu masomo ya ziada, na Jumapili baada ya misa alifua nguo akalala kama gogo.

Halafu rafiki zake wawili wa chuo wakakata tiketi. Mmoja ni Honeylyn, muuguzi, mwanamke mnene ambaye kicheko chake kinaingia nyumbani kabla yake. Wa pili ni Adora, karani wa benki, mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kukuuliza swali kisha akakutazama usoni mpaka umalize kujibu.

"Hatununui kitabu cha watalii," Honeylyn alisema kwenye simu. "Tunaye wewe!"

Merlinda akaja kunigongea mlango akiwa na taulo kichwani.

"Kaka Rodel, ule mnara mrefu unapatikana wapi?"

"Mnara upi?"

"Wowote tu, kaka. Nitajie wowote."

Wageni walifika na sanduku lililonuka samaki wa kukaushwa mpaka mlinzi wa jengo letu akafungua madirisha ya ngazi. Siku ya kwanza Merlinda aliwapeleka sokoni kwake, wakashangilia. Siku ya pili ikabidi wapande teksi, na hapo ndipo Adora alipouliza swali lake la kwanza.

"Mbona nyingine ni za pinki na nyingine zina kijani na manjano?"

Merlinda hakuwahi kujiuliza. Yeye hupanda basi. Lakini Adora alikuwa anamtazama.

"Za pinki ni za madereva ambao hawajaoa," akasema. "Kijani na manjano, ana mke huyo."

Honeylyn hakuwa na mume wala mchumba. Tangu dakika ile alizipungia mkono teksi za kijani zipite, wakasimama juani mpaka ikaja ya pinki. Dereva alikuwa mzee wa meno matatu, na juu ya usukani alikuwa amebandika picha ya mkewe na wajukuu.

"Huyo mama ni nani?" Honeylyn akanong'ona.

"Dada yake," akasema Merlinda.

Adora akageukia dirishani, mabega yakimtetemeka. Merlinda alidhani ni baridi ya kiyoyozi.

Jumamosi ilikuwa siku ya michezo shuleni, na walimu wote tulitakiwa kufika. Merlinda alikuwa ameshawaahidi wageni kuwapeleka kwenye Mlima wa Dhahabu, ule wenye hekalu kileleni. Akaniomba nimwambie naibu mkuu kwamba anaumwa tumbo. Nilifika uwanjani spika zinapiga kelele, watoto wanalia, naibu anakimbia na filimbi mdomoni. La tumbo likanitoka, nikamwambia naibu kwamba Merlinda ana homa. Ugonjwa ni ugonjwa, nikajisemea. Mwalimu mkuu mwenyewe, mama Wanphen, hakuwepo. Tuliambiwa yuko kwenye semina ya wizara.

Yaliyofuata nimesimuliwa na wote watatu, kila mmoja kwa chumvi yake.

Walishuka gatini, kwenye mfereji unaokatiza mji. Boti ikaja kwa kasi, wakarukia ndani, makondakta wenye kofia ngumu wakipita ukingoni kama paka, abiria wakivuta turubai za pembeni maji machafu yasiwarukie. Honeylyn alipigwa na wimbi mdomoni akacheka hata hivyo. Merlinda akatangaza kwamba mlima utaonekana baada ya kona.

Kona zikapita. Yakapita maghala, nguo zilizoanikwa, migongo ya nyumba, wazee wakiwatupia samaki mkate. Boti ikazidi kuwa tupu. Mwishowe kondakta akazima injini na kuwaashiria washuke, maana hapo ndipo mwisho.

Adora akatazama kulia, akatazama kushoto. Nchi ilikuwa bapa kama meza.

"Merlinda, mlima uko wapi?"

"Umefungwa," Merlinda akajibu.

"Wameufunga mlima?"

"Jumamosi wanausafisha."

"Wanausafisha," Adora akarudia polepole. "Na huku wakiusafisha wanauweka wapi?"

Merlinda aliokolewa na ngoma. Kutoka kwenye barabara ya nyuma ya gati ulitokea msafara: lori lenye spika kubwa kuliko lori lenyewe, wapiga ngoma ndefu, na kina mama waliovaa blauzi za manjano wakicheza kinyumenyume mbele ya kijana aliyebebwa mabegani chini ya mwavuli. Kijana alivaa nyeupe tupu. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, na nyusi pia.

Mtu yeyote aliyeishi Bangkok hata mwaka mmoja anajua kwamba huyo ni kijana anayepelekwa hekaluni kuingia utawa. Merlinda naye alijua. Ila ulimi wake ulikuwa umeshashika mbio.

"Ni kampeni ya uchaguzi," akasema.

"Na nyusi?" Adora akauliza. "Mgombea amenyolewa nyusi?"

"Kuonyesha kwamba hana cha kuficha."

Honeylyn hakungoja zaidi. Aliingia katikati ya kina mama, akainua mikono na kuzungusha kiuno kile ambacho hospitali nzima inakijua, huku akipiga kelele kwa Kiilonggo, lugha ya kwao, "Kura zote kwake! Kura zote!" Kina mama wakampenda papo hapo. Mmoja akamtilia ua sikioni, mwingine akampa mwavuli aushike.

Bibi mmoja mfupi akamsogelea Merlinda na kumuuliza jambo. Merlinda hakuelewa hata neno. Akatabasamu na kutoa jibu analowapa wauza wali kila mchana wa Mungu wanapomuuliza anataka mboga ipi: "Zote mbili, changanya."

Bibi alikuwa amemuuliza kama wao ni ndugu wa upande wa mama au wa baba.

Bibi akacheka, akampiga begani, akaita watu. Ndugu wa pande zote mbili hawapatikani kirahisi. Kufumba na kufumbua, Merlinda alikuwa mstari wa mbele kabisa, mikononi amebeba mto uliotariziwa, na Adora pembeni yake ameshika yungiyungi kwa vidole viwili kama anayeshika kipimajoto. Wakafika hekaluni. Wakalizunguka jengo la ibada mara tatu pamoja na ukoo. Mlangoni yule kijana akageuka na kuwarushia watu sarafu zilizofungwa kwa utepe wa rangi. Watoto wakaruka, wazee wakaruka, Honeylyn akapiga mbizi.

"Mgombea anagawa hela!" akaita akiwa chini.

"Sasa ndiyo naamini ni uchaguzi," akasema Adora.

Baada ya hapo wakaitwa kula, maana ukoo ulikuwa umejaza meza chini ya hema. Merlinda aliufuata mstari mpaka kwenye sufuria ya mchuzi, akainua sahani, akainua na macho. Aliyeshika upawa, mwenye ua sikioni na blauzi ya manjano iliyolowa jasho la kucheza, alikuwa mama Wanphen, mwalimu mkuu wetu. Shuleni hakuna aliyewahi kuyaona meno yake. Siku hiyo yalikuwa nje yote, na yakabaki nje kwa kuganda.

Wakatazamana. Mchuzi ukadondoka kwenye kitambaa cha meza.

"Mwalimu Merlinda," mama Wanphen akasema kwa Kiingereza chake cha ofisini. "Homa imeshuka?"

"Tumbo, mwalimu mkuu."

"Naibu amenipigia simu. Kasema homa."

"Ilianza homa. Ikashuka tumboni."

"Pole sana."

"Asante. Na semina ya wizara, mwalimu mkuu? Inaendelea vizuri?"

Mama Wanphen akatazama hema, ngoma, na shangazi zake wawili waliokuwa bado wanacheza wenyewe kwa wenyewe bila muziki.

"Vizuri sana," akasema. "Sasa hivi ni mapumziko ya chakula." Akamjazia tambi, akamwagia mchuzi juu yake mpaka sahani ikazidi. "Kula. Kwa tumbo, hii ni dawa."

Ingeishia hapo, lakini Adora alikuwa mstarini nyuma.

"Samahani, mama," akauliza kwa adabu zote, "huyu mgombea ni wa chama gani?"

"Mgombea?"

Merlinda akamkanyaga Adora mguu. Mama Wanphen akamtazama Adora, akamtazama Merlinda aliyekuwa anaiva kama pilipili, na hakuhitaji kuelezwa zaidi. Miaka thelathini ya kusikiliza sababu za wanafunzi haipotei bure.

"Ni mpwa wangu," akasema. "Chama ni cha mama yake. Amepita bila kupingwa."

Honeylyn akapiga makofi.

Walikaa mpaka ibada. Ndani ya jengo, mama yake kijana alimkabidhi mwanawe joho la rangi ya zafarani, na kijana akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Mama akashindwa kujizuia, akalia kwa sauti, na wanawake waliomzunguka nao wakalia. Honeylyn, ambaye ameona watu wakizaliwa na watu wakifa bila kutikisika, akajikuta anapangusa pua kwa mkono.

"Shoga," akanong'ona. "Huu si uchaguzi."

"Si uchaguzi," Merlinda akakiri.

"Na mlima?"

"Uko upande wa pili wa mji. Tulipanda boti inayokwenda kinyume."

"Najua," akasema Adora. Akatoa simu mkobani, ramani imefunguka. "Tangu kituo cha kwanza. Nilitaka kuona mlima utaufanyaje."

"Na teksi je?"

"Teksi nilijua jioni ileile. Ila Honeylyn alikuwa na furaha sana."

Walitoka nje kucheka, kwa sababu ndani ilikuwa aibu. Walicheka mpaka Honeylyn akaketi chini kwenye ngazi. Kisha machozi ya Merlinda, yaliyokuwa ya kicheko, yakabadilika.

"Miaka saba nawaambia naujua huu mji," akasema. "Naijua njia ya sokoni tu. Ningewaambia nini?"

"Ungetuambia unachoka," akasema Honeylyn. "Nyumbani tunakutazama kwenye picha tunasema, mwenzetu anakula maisha. Mimi nilikuonea wivu, mshenzi wewe. Nilikuwa nikimaliza zamu ya usiku nakuonea wivu mpaka nalala." Akamvuta kichwa kifuani kwake.

Jumatatu mama Wanphen aliitisha kikao cha walimu, uso umerudi kuwa wa chuma. Alisema semina ya wizara imempa mambo mengi ya kufikiri. Mojawapo ni kwamba walimu wa kigeni hawazijui mila za mahali, na hilo ni pengo. Kwa hiyo mwalimu Merlinda anapewa siku mbili kwenda kufanya utafiti mjini, na anaruhusiwa kuwa na wasaidizi.

"Na chekechea, mwalimu mkuu?" naibu akauliza.

Mama Wanphen akanitazama mimi. "Mwalimu Rodel ana ujuzi wa magonjwa," akasema. "Atawaangalia."

Siku hizo mbili nililishwa udongo wa kuchezea, nikatapikiwa kiatu, na mtoto mmoja akanifungia chooni. Wao watatu walipanda boti sahihi, wakaukuta mlima uko wazi, wakaupanda. Walipopotea walisema wamepotea. Adora ndiye aliyeshika ramani, Merlinda ndiye aliyeagiza chakula, na Honeylyn ndiye aliyeongea na kila mtu kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa, akajibiwa.

Walipoondoka, Merlinda alilia uwanja wa ndege kwa kelele mpaka askari akamletea kiti. Wiki ile akawaaga wazazi wa mmoja wa wanafunzi wake wa jioni. Alisema mtoto anajua vya kutosha.

Siku hizi Jumapili baada ya misa hufungua mlango wangu bila kugonga. "Kaka Rodel, vaa viatu." Juzi tulitokea kwenye mtaa wa watu wanaofua mabakuli ya chuma ya watawa, nyundo zinalia kila nyumba. Nilimuuliza kwa nini bakuli lina mishono minane. Alifungua mdomo, akaufunga, akamgeukia fundi na kumuuliza, kwa Kithai kibovu sana. Fundi akatusogezea vigoda, akaanza kueleza.