Uji kwenye Meza ya Nyama

Ilitangazwa rasmi, kwa lugha zote nne zinazotambuliwa na nchi na kwa ya tano, Kikorea, ya wenye mtaji, kwamba kampuni ni familia. Tangazo lilibandikwa ukutani kwenye korido, kati ya kizima-moto na picha ya pampu ya maji iliyouzwa kuliko zote. Lilieleza kuwa kuanzia mwaka huu kila mstaafu ataagwa kwa chakula cha heshima, na kwamba kwenye meza ya familia hakuna atakayeinuka akiwa na njaa, wala akiwa na neno ambalo halijasikilizwa. Toleo la Kiswahili lilikuwa na makosa mawili tu ya ngeli, jambo ambalo kwa Kigali ni la kupongezwa.

Wa kwanza kufikiwa na neema hiyo alikuwa Jean-Bosco, dereva wa mkurugenzi.

Jean-Bosco alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, wazazi wake wakiwa wakimbizi, na alirudi Rwanda akiwa mtu mzima. Neno ni "alirudi", ingawa hakuwahi kuwapo kabla. Nje ya nyumba alikuzwa na Buyenzi, ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha tangazo. Ndani ya nyumba alikuzwa na mama yake, na mama yake alikuwa na sheria. Mwanamume mwenye heshima zake anaweza kunywa mbele za watu, maziwa, pombe, hata uji, hakuna ubaya. Kutafuna ni jambo lingine. Kutafuna ni kama kuoga: kila mtu anajua unafanya, na hakuna anayepaswa kukuona.

Kigali ya leo imeshaachana na aibu hizo. Watu wanakaa nyuma ya vioo vya migahawa wakitafuna kama bidhaa za maonyesho. Jean-Bosco hakuwalaumu. Yeye kila mchana alishuka kwenye maegesho ya chini ya jengo, akajifungia ndani ya gari, akapandisha vioo, akala viazi vitamu na maharage kutoka kwenye kopo la plastiki, kisha akafuta mdomo na kushuka garini na uso wa mtu aliyetoka kusali. Miaka yote ya kazi, hakuna mtu wa kampuni aliyewahi kumwona na tonge mdomoni. Wengine waliamini anafunga. Audace, fundi wa pampu, Mrundi na mtoto wa Buyenzi kama yeye, ndiye pekee aliyejua, na alimtania kila alipopata nafasi.

Sasa umri wa kustaafu ulikuwa umefika, na Jean-Bosco alitaka kitu kimoja: mkataba wa mwaka mmoja zaidi. Hakuutaka kwa kupenda usukani. Aliutaka kwa ajili ya mkewe.

Athanasie aliugua kwa miaka mingi ugonjwa ambao majirani zao kule Gahanga waliuita kwa majina mbalimbali, yote ya kunong'ona. Alisikia watu wakimwita kutoka migombani, naye aliwaitikia. Kuna asubuhi alipatikana akitembea peku kwenye barabara ya Bugesera, amejitanda shuka la kitanda, anakwenda harusini. Kisha daktari mmoja wa hospitali ya Ndera akambadilishia dawa, na Athanasie akaanza kurudi, polepole, kama mtu anayeshuka kilima huku akiangalia anapokanyaga. Sasa analima maharage. Anagombana na jirani kuhusu kuku, na Jean-Bosco anausikiliza ugomvi huo kama wengine wanavyosikiliza kwaya.

Dawa hiyo inalipwa na bima ya kampuni. Mituweli, bima ya watu wote, haina jina la dawa hiyo kwenye orodha. Bima ya kampuni inaisha kazi inapoisha. Siku moja Jean-Bosco aliingia duka la dawa kuuliza bei kwa mtu asiye na bima. Aliambiwa. Alimshukuru muuza dawa, akatoka.

Ombi lake alikuwa amelitayarisha. Lilikuwa fupi, na alilisema mara nyingi akiwa peke yake garini, akikiambia kioo. Kilichobaki ni wakati wake, na hapo ilikuwapo sheria nyingine ya mama: mtu haombi kabla watu hawajala. Ombi la kabla ya chakula ni la mwenye njaa. La baada ya chakula ni la mtu mzima. Angesubiri wenzake wamalize kula.

Ijumaa mchana akawaendesha mkurugenzi na wenzake wachache hadi mgahawa mpya wa Kikorea, Kicukiro.

"Muzehe, leo umepatikana," alisema Audace kutoka kiti cha nyuma. "Leo hakuna kujifungia na viazi. Utatafuna jua likiwaka."

"Wewe endesha mdomo wako. Mimi naendesha gari."

Kila meza ilikuwa na tundu katikati, ndani ya tundu makaa, juu ya makaa wavu, na juu ya wavu bomba la kuvuta moshi lililoning'inia kutoka darini kama mkonga wa tembo anayetafuta kitu. Vibakuli vilijaa meza nzima: kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, chipukizi za maharage, dagaa watamu, vitu vingine ambavyo hakuna aliyeuliza. Mhudumu akaleta nyama mbichi iliyokatwa nyembamba, akaleta koleo na mkasi, akaondoka zake.

Audace alimsindikiza kwa macho. "Muchoma iko wapi?"

"Hakuna muchoma hapa," alisema Trinah, ofisa wa wafanyakazi. "Mnachoma wenyewe."

"Kwa hiyo tunatoka ofisini tunakuja kazini. Na mkasi? Wanaikata nyama au wanainyoa?"

Trinah alikulia Kampala, ana shahada mbili, na ndiye aliyeandika tangazo. Kwa siku ile alikuwa amesoma adabu zote za meza ya Kikorea kwenye simu, akawaeleza njiani: vijiti havisimikwi kwenye wali, pombe haimiminwi kwa mkono mmoja, mtu hapengi kamasi mezani. Alisoma mengi. Moja lilimpita.

Mkurugenzi, Bwana Han, alikuwa mtu wa makamo, mpole, anayeomba radhi hata kwa milango. Alimketisha Jean-Bosco mahali pa heshima, mbali na mlango. Alichukua chupa ya pombe nyeupe kama maji, akammiminia kwa mikono miwili. Jean-Bosco akapokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa, kama Mnyarwanda yeyote aliyelelewa.

Bwana Han alifurahi. Alisema jambo kwa Kiingereza.

"Anasema ni kama kwao kabisa," Trinah alitafsiri. "Anasema na nyinyi mnajua kuheshimiana."

Jean-Bosco naye alifurahi. Kila mmoja alimwona mwenzake ni mtu anayeeleweka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Bwana Han aliigeuza nyama mwenyewe, akaikata kwa mkasi, akaweka vipande vya kwanza kwenye sahani ya Jean-Bosco. Kisha akaweka koleo chini na kutulia, vijiti mkononi, akitabasamu. Kwao, na hili ndilo lililompita Trinah, mkubwa kwa umri huanza. Mpaka mzee atie kitu mdomoni, meza nzima husubiri, awe mkurugenzi, awe nani.

Jean-Bosco naye alitulia, mikono magotini, akitabasamu. Hakuwa mtu wa kutafuna mbele ya bosi wake, tena kabla bosi hajagusa chakula. Alikuwa amejipangia kunywa kidogo, kuchezea kijiti ili asiudhi, na kungoja wenye nyumba washibe.

Nyama ililia juu ya wavu. Wafanyakazi wengine wawili, waliomjua Bwana Han, hawakugusa kitu. Audace, aliyekuwa tayari amenyoosha mkono, alipigwa jicho na Trinah, akaurudisha.

Bwana Han akaongeza vipande kwenye sahani ya mzee, vizuri zaidi, vya katikati. Jean-Bosco akashukuru, hakugusa. Bwana Han akaongeza tena. Kwao mgeni anayesita huongezewa. Kwa mama yake Jean-Bosco, mgeni anayeongezewa husita zaidi. Sahani ikawa kilima.

"Muzehe, kura," Trinah alinong'ona. Ulimi wake haukuwahi kuamua kati ya l na r.

"Kama ni kura," Audace alisema chini chini, "yangu naipa brosheti, mshikaki wetu wa mbuzi. Hii itaungua kabla ya matokeo."

"Kura tafadhali. Mkurugenzi anakungoja wewe."

Jean-Bosco alidhani anasema hivyo kwa heshima tu, jinsi watu wanavyosema. Akajibu kwa heshima, kwa namna ya Buyenzi, ambako mtu hasemi "sitaki" mbele ya chakula cha mwenzake. Hukitupia mzigo kiungo cha mwili.

"Mwambie nashukuru sana. Mimi ningetaka. Tumbo tu ndilo lililokataa."

Pale Buyenzi hata mtoto angejua maana yake: nimeheshimika, kuleni nyinyi. Trinah si wa Buyenzi. Alimgeukia mkurugenzi, akasema kwa Kiingereza safi, na kwa sauti ya kusikitika, kwamba mzee ana matatizo ya tumbo.

Uso wa Bwana Han ulibadilika. Aliweka vijiti chini. Aliuliza swali, Trinah akajibu bila kumuuliza mzee. Aliuliza tena, akatazama mashavu ya Jean-Bosco, ambayo yalikuwa membamba tangu ujana, akasema maneno marefu polepole.

"Anasema nini?" Jean-Bosco aliuliza.

"Anasema baba yake alianza hivyohivyo. Siku ya sikukuu, mezani, alikaa na chakula mbele yake, akasema tumbo linakataa. Hawakulitilia maanani. Hakuumaliza mwaka."

"Pole zake," alisema Jean-Bosco kwa dhati. "Lakini mimi siumwi."

"Yego, Muzehe. Mwihangane," alisema Trinah, ndiyo na pole za Kinyarwanda, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuwasikia wagonjwa wengi wakisema hivyo.

Bwana Han alikuwa ameinuka kwenda jikoni mwenyewe. Alirudi na mhudumu aliyebeba bakuli la uji wa mchele, mweupe, laini, chakula ambacho kwao hupewa wagonjwa. Akaliweka mbele ya Jean-Bosco kwa mikono miwili.

Jean-Bosco aliutazama uji kwa ahueni kubwa. Uji hunywewa. Hakuna mama duniani angemlaumu. Zaidi ya hayo, alikuwa na njaa, na bosi amekwenda jikoni kwa miguu yake kwa ajili yake. Alilishika bakuli kwa mikono miwili, akanywa bila kupumzika, mpaka chini.

Meza nzima ilimwangalia. Nyama yote ile hakuigusa, na uji ameumaliza. Kama kulikuwa na mtu aliyebaki na shaka, ikamwisha.

Baada ya hapo walikula, maana mzee alikuwa ameanza. Walikula kwa sauti ya chini, kama msibani. Audace peke yake alijaribu.

"Nyinyi, huyu mzee ni mzima kabisa. Kila mchana anakula kopo zima la viazi."

"Umeshawahi kumwona akila?" Trinah aliuliza.

Audace alifikiri. Alikuwa ameliona kopo. Alikuwa ameona vioo vikiwa juu.

"Kumwona, hapana."

Jean-Bosco alingoja. Walipomaliza, wakati wa ombi lake ukiwa umefika, alikohoa kidogo na kushika ukingo wa meza. Lakini Bwana Han alikuwa ameshasimama, na mkurugenzi akisimama dereva huketi. Alihutubia kwa muda. Macho yake yalikuwa na machozi. Trinah alitafsiri kwa kifupi: kwamba mtu aliyeitumikia familia namna hii anastahili kupumzika, kuwa na mkewe, kutazama afya yake. Watu wakapiga makofi. Baada ya makofi ya namna hiyo, kuomba mwaka mwingine ni kumpinga mwenye nyumba mbele ya watu wake.

"Murakoze," alishukuru Jean-Bosco. Alisema pia kwa Kikorea, neno moja alilojifunza garini. Trinah akapiga picha.

Maegeshoni Trinah alimshika mkono kama binti yake.

"Muzehe, nikwambie ukweli, maana sasa haina siri. Mkurugenzi alitaka kukupa mwaka mmoja. Alikuwa akutangazie leo mezani. Lakini amesema atakuwa na dhambi, kumweka mgonjwa kwenye usukani."

Jean-Bosco aliangalia funguo mkononi mwake.

"Mimi naweza kula," alisema.

"Najua, Muzehe."

"Turudi juu. Nitakula mbele yake."

"Wameshaondoa vyombo," alisema Trinah. "Mwihangane."

Jioni Athanasie alimuuliza kama chakula cha Wakorea ni kitamu. Alisema uji wao ni mzuri, hauna sukari nyingi. Athanasie akacheka, kwamba mtu amepelekwa hotelini akarudi na habari za uji. Kisha akameza kidonge chake, akatikisa kichupa karibu na sikio kama anavyofanya siku zote, akasema bado viko vya kutosha mpaka mwisho wa mwezi. Jean-Bosco alisema ndiyo, viko.

Jumatatu alikwenda kurudisha funguo na kitambulisho. Picha ilikuwa imeshabandikwa kwenye korido, chini ya tangazo. Wote wanatabasamu, na yeye yuko katikati, mahali pa heshima. Sahani zote mezani ni tupu, isipokuwa ile iliyo mbele yake.