Chubwi Kumi na Mbili

Sori, mji wetu wa kando ya ziwa, inanuka omena, yaani dagaa, iliyoanikwa juani, na anayesema harufu hiyo haizoeleki hajakaa huko wiki mbili. Mimi nilizaliwa ndani yake, kwa hiyo msimu wa ubatizo wangu naukumbuka kwa harufu nyingine: sabuni ya kipande na tope la ziwa, vikitoka kwenye majoho meusi yaliyotundikwa nyuma ya kanisa letu la Kisabato. Majoho yalikuwa tisa. Sisi tuliongoja kubatizwa tulikuwa tisa. Nilihesabu mara mbili. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na tayari nilikuwa mtu wa kupimiwa gorogoro ya mahindi, lile kopo la kipimo la sokoni, nikaomba imwagwe, ipimwe upya.

Mwalimu wa darasa la ubatizo alitufundisha kwamba Mungu anayepasua milima ndiye huyo huyo anayebeba wanakondoo kifuani. Sikununua. Sokoni, anayekuambia kwamba kitu kimoja kina sifa mbili zinazopingana huwa ana kilichooza chini ya kikapu. Tena mkono wenye nguvu niliufahamu mmoja tu, wa Mama Pamela, shemasi wetu na mchuuzi wa samaki, aliyebeba gunia la omena kila bega na ambaye nilimwona kwa macho yangu akimuua kamongo, yule samaki mrefu wa matopeni, kwa ngumi moja. Yeye ndiye aliyesimama majini kando ya mchungaji kuwashika wasichana. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga; hawakusema umkabidhi kichwa chako akuzamishe.

Sikujua kuogelea. Dani, yaani bibi yangu, aliyekuwa Mkatoliki, aliniona nikikisukuma chakula kando, na Mama Pamela alipopita kwetu akajaribu kunitetea. "Mama Pamela, kwetu kikombe kimoja cha maji kinatosha, na mtoto harudi na mafua."

"Dani, hata sufuria haioshwi kwa kikombe," Mama Pamela akajibu, wakacheka wote wawili.

Nikataja bei yangu: nizamishwe hadi mabegani.

"Hadi nywele, nyathina," akasema, kwa maana ya mwanangu. "Hapa hatupunguzi."

Ijumaa mchana nikatumwa kuyaanua yale majoho. Nikahisi uvimbe kwenye pindo. Ndani zilikuwa zimeshonewa chubwi, zile risasi za kuzamishia nyavu, kumi na mbili kila joho. Hakuna aliyekuwa ametueleza sababu, na mtoto wa Sori haulizi chubwi inafanya kazi gani: inapeleka kitu chini. Nikatafuta wembe, nikafumua pindo la joho moja, nikatia fundo la uzi kwenye kola ili nilitambue, nikazificha risasi zake kwenye mkebe wa majani ya chai.

Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Sabato alasiri nilikuwa wa tano kuingia. Maji hayajafika kiunoni, joho langu likaanza kupanda, likaumuka kama andazi kwenye mafuta. Ukiona vyaelea vimeundwa. Langu lilielea kwa kufumuliwa. Ndani nilikuwa na shimizi yenye matundu, na ufukweni kanisa zima lilikuwa linaimba, wavulana wakiwa safu ya mbele. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya zile chubwi. Nilikuwa nimechelewa.

Mama Pamela akalitazama pindo, kisha akanitazama mimi. Nilijua ameshahesabu. Nikaisubiri ngumi ya kamongo. Badala yake akalikusanya pindo lote kwa mkono mmoja, akalibana magotini mwangu hata wimbi likashindwa kunisogeza. Mkono wa pili ulikuwa kisogoni, mwepesi hivi kwamba nilidhani hanishiki. Nikajivuta kidogo kuujaribu. Haukutikisika.

"Nimekushika, nyathina. Funga mdomo."

Nikashuka. Nikapanda. Walioimba hawakuona tofauti yoyote kati yangu na wale wanne walionitangulia.

Jioni akaja kwetu, akaongea na dani habari za mvua, kisha akaniita nje. "Chubwi zangu."

Nikamletea mkebe. Akahesabu kumi na mbili, mara moja tu; aliniamini kuliko ambavyo ningejiamini mwenyewe.

"Ulikuwa unaogopa ziwa au mimi?"

"Wewe."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akakitazama kiganja chake. "Huu mkono hata mimi huuogopa. Ndiyo maana nauendesha polepole." Dani hakuambiwa kitu, wala mchungaji.

Siku hizi kanisa lina birika la vigae, na majoho huja na uzito wake kutoka kiwandani. Mimi nauza omena katika soko la Rangwe. Nilipokwenda Sori mara ya mwisho, nilimshika Mama Pamela mkono kupanda ngazi za kanisa. Vidole vyake ni laini sasa, kwa kuwa nguvu imekwisha, na ulaini huo haumgharimu kitu. Ulaini wa siku ile ziwani ulitoka kwenye mkono ulioweza kunivunja. Ndiyo maana nikimsikia mhubiri akimsifu Mungu kwa nguvu tupu, au kwa upole mtupu, mimi, kwenye benchi langu, huomba moyoni gorogoro imwagwe, ipimwe upya.