Fowili ya Mume Wangu

Mume wangu alinunua pikapu kuukuu kwa mtu mmoja wa Makambako, akarudi nayo nyumbani akipiga honi tangu kwa jirani wa kwanza. Sisi tunalima viazi na parachichi upande wa Lupembe. Mvua ikishakolea, barabara inakuwa uji mwekundu, na gari la kawaida linakaa humo mpaka apite mwenye huruma.

"Hayo yamekwisha," akaniambia, akipapasa boneti kama shingo ya ng'ombe wa maziwa. "Hii ina fowili. Magurudumu yote manne yanavuta kwa pamoja. Mvua inyeshe mpaka ichoke."

Akanionyesha ushahidi. Kando ya gia ya kawaida kulikuwa na gia nyingine fupi, na ukiivuta, taa ndogo ya kijani inawaka kwenye dashibodi. Jioni alikuja mdogo wake, akaonyeshwa taa. Mzee wa kanisa alipita kutusalimu, naye hakuondoka bila kuonyeshwa taa. Alisema ni nzuri. Angesema nini kingine?

Mvua ya kwanza kubwa ilitukuta kwenye mlima, tumepakia viazi vya kupeleka Njombe. Mume wangu akavuta ile gia taratibu, kwa heshima zote. Taa ikawaka. Magurudumu ya nyuma yakazunguka kwa bidii na kuturushia matope hadi kwenye vioo. Ya mbele yalitulia tuli, kama wageni rasmi wanaosubiri kuitwa jukwaani.

Lori la kubeba majani ya chai likaja likatuvuta. Dereva wake akauliza, "Mzee, umefunga loki za mbele?"

Kwenye magari ya zamani kama hilo, unashuka na kuzungusha kwa mkono kiloki kilichopo katikati ya kila gurudumu la mbele, la sivyo magurudumu hayo hayavuti.

"Gari langu nalijua," mume wangu akajibu. Lori lilipoondoka alishuka, akasema anakwenda kujisaidia, na nikamwona kupitia kioo cha pembeni amechuchumaa kwenye gurudumu.

Safari iliyofuata loki zilifungwa, gia ikavutwa, taa ikawaka. Tukanasa palepale.

"Taa inawaka," akasema kutoka nje, matope yakimfika kwenye vifundo vya miguu.

"Naiona, baba. Labda tushushe viazi, tuviuze hapahapa kwa mwanga wake."

Hakucheka. Tangu siku hiyo kila Jumamosi aliingia uvunguni mwa gari, amelalia gunia, kichwa kikiwa juu ya mto. Mto wangu, si wake. Mafundi wa mjini hakuwataka, maana alisema wanaharibu. Kwanza aliamua kwamba difu ya mbele, lile sanduku la gia lililo kati ya magurudumu, ina kiu, akamwaga oili ya zamani atie mpya. Ile ya zamani ilitoka safi, inang'aa kama asali. Mtu mwingine angejiuliza imekuwaje oili ya gari kuukuu vile ionekane haijawahi kufanya kazi. Yeye akasema, "Unaona gari lilivyotunzwa?" Kisha akafungua loki, akaziosha kwa dizeli, akazijaza girisi. Taa ikaendelea kuwaka vizuri sana.

Jumamosi moja aliniomba nimpitishie spana. Nikainama kumpa, nikatazama huko chini kwa mara ya kwanza.

"Hili bomba refu linalokwenda nyuma ndiyo nini?"

"Propela," akasema kwa sauti ya mwalimu. "Ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma."

"Na ya mbele yanapelekewa na nini?"

"Na propela ya mbele."

"Iko wapi?"

Akageuza kichwa kushoto. Akageuza kulia. Alitazama huku na huku, utadhani imetoka kidogo na itarudi. Pale ilipotakiwa kuwepo palikuwa na hewa ya Njombe tu, safi na baridi.

Akampigia simu aliyemuuzia, nami nikasogea nisikie.

"Ahaa, ile!" mtu wa Makambako akasema kwa furaha. "Niliitoa. Ilikuwa inagonga, inaniudhi. Lakini si uliniuliza kama fowili ipo? Ipo. Ipo hapa nyumbani."

Tuliifuata siku ya pili. Mimi sikualikwa, nikapanda tu. Makambako upepo ulikuwa unavuma wa kubeba mabati, na mwenye nyumba, kwa bahati ya kushangaza, alikuwa amepata safari. Tulimkuta mke wake.

"Kamwene," akatusalimu, kisha akatupeleka nyuma ya nyumba. Propela yetu ilikuwa imelala kwenye mlango wa banda la ng'ombe, imefanywa komeo, tena imepakwa rangi ya bluu iliyobaki walipopaka madirisha.

"Shemeji, hii siitoi," akamwambia mume wangu. "Yule bwana kila kizuri cha humu ndani anakiuza. Ukiichukua, ng'ombe wangu nitamfungia na nini?"

Mume wangu akaanza kumweleza habari za mauziano na haki ya mnunuzi. Nikamwambia aende akatafute mti. Akarudi na mti wa paini begani, anahema. Yule mama akaupachika, akausukuma kwa nyonga, akautoa. "Mwepesi. Huyu ng'ombe unamwona?" Mume wangu akaenda tena, akarudi na mti wa mlingoti, mbichi na mzito, akiwa hana hamu ya kumweleza mtu chochote. Huo ukakubaliwa. Mimi na mama mwenye ng'ombe wakati huo tulikuwa tumekaa jikoni tunakunywa chai, na sikumbuki lini nilicheka vile.

Fundi wa Njombe akabadilisha kros, vile viungo vya kwenye ncha za propela vilivyokuwa vinagonga, akaifunga mahali pake. Akatuonya: msivute gia ya fowili kwenye lami kavu, ivuteni kwenye matope, na msisahau girisi. Mume wangu alitikisa kichwa kukubali, kisha akaivuta kwenye lami. Kwenye kona ya sokoni usukani ukawa mgumu, gari likarukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba, na gia ikagoma kurudi hadi aliporudisha gari nyuma kidogo, watu wote wa sokoni wakimsaidia kwa ushauri.

Girisi sasa naitia mimi. Hatukukubaliana hivyo, ila siku moja niliona bomba la girisi limewekwa kando ya kanga zangu.

Masika hii nilikuwa kwenye usukani tulipoufikia mlima, tumepakia viazi, mvua inanyesha. Yeye alishuka kufunga loki, akapanda, nikavuta gia. Nilisikia sehemu ya mbele ikishika ardhi na kutuvuta, polepole, mpaka kileleni. Nakiri nilifurahi, na nilitamani mlima uendelee kidogo. Mume wangu njia nzima aliitazama ile taa ya kijani.

Juu kabisa alishuka tena kufungua loki, akarudi na matope hadi magotini.

"Umeendesha vizuri," akasema, akitazama mashamba ya chai.

Nikampa kanga kuukuu ajifutie, nikamwambia apande twende, viazi vinalowa.