Nani Atashika Kamba ya Kiboko?

Saa mbili asubuhi, juu ya paa la jengo la ghorofa nne, sauti ya mwanamume inatoka ndani ya tangi la maji. "Legeza! Legeza kidogo, mama watoto!"

Mwanamke aliyekita miguu kwenye ukingo wa zege analegeza kamba taratibu. Upande wa pili wa kamba amefungwa mumewe. Leo ni mara yake ya kwanza kuishika, na anaishika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa mwenzake.

Pembeni wapangaji wamesimama na simu mkononi. Hakuna anayesaidia. Wanarekodi tu, wasije wakapitwa na jambo.

Mtu aliye ndani ya tangi huitwa Kiboko, na jina hilo halimuudhi. Alipewa kwa jinsi anavyochomoza kwenye tundu: yanatangulia masikio, yanafuata macho, halafu pua inayopuliza maji. Huu ni mwaka wa kumi na moja anaosha matangi ya watu. Hushuka na brashi, ndoo na dawa, akasugua ukoko wa kijani, akazoa tope lililolala chini. Tangi ambalo halijaoshwa muda mrefu hutoa tope la gunia zima.

"Ndani mle hewa ni nzito, na ukishatia dawa ndiyo kabisa," anasema. "Kizunguzungu hakipigi hodi. Anayeshika kamba ndiye anayekurudisha kwa watoto wako."

Mpaka mwezi uliopita aliyeshika kamba alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Ndipo ikatoka ile picha.

Picha yenyewe ni ya kweli. Msimamizi wa jengo hili hataki tone la uchafu kwenye ngazi zake, kwa hiyo Kiboko na shemejiye huviringisha gunia la tope ndani ya blanketi kuukuu, mmoja akashika mbele, mwingine nyuma, wakashuka nalo polepole. Mtu fulani ng'ambo ya barabara akawapiga picha. Kufikia jioni picha ilikuwa na maneno: maiti imeopolewa kwenye tangi, wapangaji wameyanywa maji hayo wiki tatu, na "daktari mmoja" amethibitisha.

Maiti haikuwapo. Daktari hakuwapo. Polisi walifika, wakachungulia, wakaonyeshwa gunia, wakaenda zao. Habari kwamba wameona tope tu haikumfikia mtu, maana hakuna aliyeona sababu ya kuituma.

Hapo ndipo simu ya Kiboko ilipoanza kulia. Mtaa mzima ulitaka kuoshewa matangi! Kwa kawaida alikuwa akiosha manne kwa wiki. Wiki ile alifikisha kumi na tano, akirudi nyumbani vidole vimekunjamana. "Nilicheka," anakiri. "Nikamwambia mke wangu, uongo huu una baraka zake."

Baraka hazikukaa. Kwenye kundi la simu la wakazi watu walikuwa wameanza kujiuliza ni nani aliyeusambaza uongo ule, na kwa nini. Wa kwanza kushukiwa wakawa wauza maji ya chupa. Wakafuata wenye nyumba, eti wanataka kufukuza wapangaji wapandishe kodi. Mwishowe mmoja akaandika swali fupi: nani amepata kazi kuliko wote?

Kila jicho likamgeukia Kiboko.

Waliosema ameopoa maiti na waliosema ameitunga maiti wakakubaliana kwa jambo moja tu, kwamba asikanyage kwao. Akajaribu kujisafisha, akaosha matangi mawili bila kuchukua hata senti. Ndipo akachafuka zaidi. "Wakasema hakuna mtu anayefanya bure bila kuwa na lake jambo. Wakasema nafuta ushahidi!" Jamani, mtu afanye nini? Akitoza, ana hila. Asipotoza, ana siri. Na kila anapojieleza hujibiwa kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Mpangaji mmoja wa ghorofa ya pili, fundi cherehani mwenye futi shingoni, ndiye pekee anayekubali kuzungumza nami. Ndiyo, aliituma ile picha.

"Nilimtumia dada yangu. Ana watoto wadogo, wanakunywa maji ya bomba hivi hivi. Ningenyamaza?"

Aliiamini?

"Kuamini hasa, hapana. Lakini kama ingekuwa kweli, je?"

Kiboko, aliyetoka tangini kupumua, anasikia na hakasiriki. "Watu wanatafuta mwenye hila," anasema huku akijipangusa. "Mimi kila niliyemuuliza alimtumia mtu anayempenda. Sijaona hata mmoja aliyemtumia adui yake."

Aliyetumiwa kuliko wote ni mama mkwe wake. Picha ile ilimfikia kutoka kwa dada zake, kwa majirani, hata kwa shoga yake wa tangu utotoni. Akamwita mwanawe, akamwambia akiendelea kushika kamba hiyo asikanyage kwake. Shemeji akaja kuaga akiwa ameinamisha kichwa.

"Mama mkwe ni mama mkwe," Kiboko anasema. "Nikimwambia ameamini uongo, nimemvunjia heshima. Nikinyamaza, nimekiri. Sasa mimi wa kusema nini?"

Kesho ana kazi ya kiwanda cha mikate, mteja wa pekee ambaye bado anampigia ukiacha msimamizi wa jengo hili. Tangi lao limechimbwa chini ya ardhi, na kina chake kinapita watu wawili waliosimama mmoja juu ya mwingine. Mkewe hawezi kumvuta peke yake kutoka huko. Akikataa, na huyo mteja atakwenda.

Namuuliza kwa nini asijifunge kwenye bomba. Anatazama alipo mkewe, anashusha sauti. Wiki iliyopita alifanya hivyo. Kizunguzungu kikampata chini, macho yakaingia giza, akatoka kwa kutambaa asijue ameshika nini. Akakaa juu ya paa mpaka jua likamkausha. Leo alimdanganya mkewe kwamba anahitaji mtu wa kumpitishia ndoo, na kamba ni tahadhari tu.

"Umesema nini?"

Mkewe amesimama nyuma yetu. Hapigi kelele. Viganja vyake vyekundu kwa kamba vinatafuta simu mfukoni.

Kabla hajaipata, namuuliza Kiboko swali langu la mwisho: anatarajia nini? "Siku moja mama mkwe aniite nioshe tangi lake, shemeji akiwa juu ameshika kamba," anasema, jicho likiwa kwa mkewe. "Nitaosha bure, na wakisema waseme."

Simu imeshapokewa. Ipo kwenye spika.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Nimeshika kamba."

"Kamba gani?"

"Ya baba watoto. Kesho anashuka kwenye shimo la kiwanda, na hana mtu."

"Wewe? Na mgongo wako huo?"

"Ashike nani, mama? Wiki iliyopita nusura mimi nikuletee habari ya maiti, na hiyo ingekuwa ya kweli."

Kiboko anafumba macho. "Taratibu," ananong'ona, "huyo ni mama yako." Wapangaji wameshusha simu zao.

"Mwambie asishuke," mama anasema. "Asishuke mpaka mdogo wako afike. Namtuma sasa hivi."

"Ahsante, mama."

"Na wewe, mwanangu." Sauti inashuka, ya mzazi anayemwambia mwanawe siri. "Maji ya hapo usinywe."