Tundu la Kwezi

Kwezi akiwa kivulini ni mweusi tu, wala huna habari naye. Jua likimpiga mgongoni, weee! Anang'aa bluu na kijani mpaka wageni wangu wanasahau simba. Mimi ni dereva wa watalii. Kila tukishuka Ngorongoro, saa ya chakula cha mchana nawakataza wageni kwa ukali: msiwalishe ndege, sheria hairuhusu. Kisha najitenga kidogo, maana ndege wale wananikumbusha mama.

Nyumbani kwetu Endamarariek kulikuwa na tundu ukutani, chini ya bati, na kwezi walizaa humo kila mwaka. Mama aliishi peke yake. Asubuhi akipepeta mahindi aliwamwagia chenga uani, akawasalimia kama majirani: "Mmeamkaje, wapambe wangu?" Mimi nilichoona ni kinyesi ukutani na aibu. Mtu unaendesha gari la watalii, halafu nyumba ya mama yako ina matundu!

Basi nikaleta fundi, saruji na rangi. Makinda yalikuwa yamesharuka. Sikuwa mkatili, nilikuwa mjinga tu. Tukaziba. Mama akazunguka nyumba yote akiupapasa ukuta. "Asante, mwanangu. Imependeza." Nikaondoka kifua mbele.

Mwaka huu tumemzika. Siku ya tatu ya msiba, jirani aliyekuwa akimchotea maji aliniambia bila kunificha: "Mama yako hakuacha kumwaga chenga. Kila asubuhi, na waliokula ni kuku tu. Nilimwambia, mwambie mwanao azibue. Akasema, 'Hapana, atajisikia vibaya. Alijinyima kwa ajili yangu.'"

Nililia palepale, mtu mzima na ndevu zangu. Kisha nikachukua nyundo na tindo, nikapanda ngazi, nikabomoa mbele ya waombolezaji. Wajomba walidhani nimerukwa na akili.

Mpaka leo tundu ni tupu. Kila nikirudi naangalia pale juu kabla sijafungua mlango.

Jana mchana wageni walikuwa wanawapiga picha viboko. Kwezi mmoja akatua kwenye bampa la gari langu, akanikazia jicho lake jeupe. Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto. Nikamega mkate wangu, nikaumwaga chini, na wenzake wakaja.

"Mmeamkaje, wapambe wa mama," nikawaambia. "Kule nyumbani nimezibua. Njooni, jamani."