Vitendawili Vilivyofutika

Nilikuwa nafundisha kompyuta katika shule moja ya sekondari karibu na Angurai. Mashine zetu zilikuwa kuukuu na programu nyingi zilikataa kuingia. Kwa hiyo nilifurahi sana nilipopata tovuti ya bure ambapo wanafunzi wangeweza kuandika programu zao na kuzihifadhi huko huko mtandaoni.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliipenda kuliko wote. Nyanya yake alikuwa amefariki, naye akatengeneza programu ya kuuliza vitendawili vya Kiteso alivyofundishwa na nyanya huyo. Ukikosea, ilikuambia ukae chini ufikiri tena, kama marehemu mwenyewe alivyozoea kusema. Darasa lilicheka, naye akacheka pia.

Tuliporudi kutoka likizo, tovuti ilikuwa imeacha huduma ya bure na kufuta kazi zote. Onyo lilikuwa limetumwa kwa baruapepe za wanafunzi, nao walikuwa nyumbani bila mtandao.

"Mwalimu, hakuna hata kitendawili kimoja kilichobaki?" msichana yule aliniuliza.

"Hakuna. Lakini tunaweza kuiandika programu upya."

"Vingine nimeshavisahau. Nilijua viko huko."

Nilitafuta mpaka nikapata programu nyingine ya bure, ndogo, isiyohitaji mtandao, na hata mashine zetu ziliikubali. Wenzake walianza upya. Yeye alikaa mbele ya skrini, mikono mapajani, mpaka kengele ikalia. Wiki iliyofuata aliomba kuhamia somo la kilimo. Nilimruhusu.