Kurasa Tisa Nyuma ya Chapati

Ukurasa wa kumi wa blogu yangu ndio uliowaleta watu, na ulikuwa wa chapati. Niliuandika kwa sababu wenzangu kazini hawakuchoka kuniuliza kwa nini chapati zangu hazikauki hata zikilala. Wakati huo nilikuwa karani katika duka la kuchapisha vitabu vya risiti na kadi za harusi, River Road, katikati ya jiji. Ghorofa mbili juu yetu palikuwa na saiba, chumba cha kompyuta za intaneti za kulipia, na kila siku saa saba mchana nilipanda huko na andazi langu nikaandike.

Kurasa tisa za mwanzo zilikuwa za binti yangu. Akiwa na miaka miwili aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini hakusikia tena. Majirani zetu mtaani Kangemi walimwita bubu mbele yangu, bila nia mbaya, kama vile mtu anavyomwita mwenzake mrefu. Alipofika miaka sita tulimpatia nafasi katika shule yenye darasa la watoto wasiosikia, na tangu hapo kila jioni alirudi nyumbani na maneno mapya mikononi. Alinifundisha "maji." Akanifundisha "wivu," na sijui ni nani aliyemfundisha yeye. Nilikuwa sina mtu wa kumsimulia mambo hayo, ndiyo maana nikayaandika. Kaunta ndogo ya kuhesabu wasomaji chini ya kila ukurasa ilionyesha mgeni mmoja, na mgeni huyo nilikuwa mimi mwenyewe.

Kwa chapati walikuja wengi. Walikuja wanafunzi waliokuwa ng'ambo, makapera wa mtaa wa Umoja, na bibi harusi mmoja aliyemwogopa mama mkwe. Waliandika, "Asante dada, zimetoka laini," wakaenda zao. Kurasa tisa zikabaki kama zilivyokuwa.

Mwenye saiba alikuwa mama wa makamo aliyekuwa ametunza maktaba ya shule ya msingi kwa miaka mingi. Wateja wote tulimwita mwalimu. Siku moja alisimama nyuma ya kiti changu akatazama kaunta zangu.

"Hebu shuka mpaka chini kabisa ya ukurasa," aliniambia. "Hapo umeandika nini?"

"Mwisho."

"Nani alikuambia uandike hivyo?"

"Si insha huisha hivyo, mwalimu?"

"Sasa ukimwambia mtu mwisho, afanye nini? Ataondoka. Wageni wako ni watiifu tu."

Nikalifuta neno hilo. Mahali pake nikaandika, "Bofya hapa usome kurasa zangu nyingine." Wiki nzima hakuna aliyebofya. Nikaigeuza sentensi hiyo iwe nyekundu, tena ya kuwaka na kuzima: TAFADHALI SOMENI NA KURASA NYINGINE. Mtu mmoja akaniandikia, "Dada, mbona unatupigia kelele?" Niliona aibu hadi nikakaa siku mbili bila kupanda saiba.

Mwalimu alinikuta kwenye ngazi. "Umesusa?"

"Watu hawataki, mwalimu. Wanataka chapati."

"Kule maktaba," alisema, "mtoto akirudisha kitabu cha fisi, sikumwambia chukua kingine. Nilimwambia, 'Huyu ulimwona akila. Kuna mwingine pale rafuni alijaribu kuoa.' Huyo mtoto anakimbia kabla sijamaliza! Usiwaambie wasome. Waambie kuna nini."

Nilirudi kazini nikiwa na kauli hiyo kichwani, na mchana kutwa, nikipanga herufi za kadi za harusi, niliufikiria ule ukurasa wa chapati hatua kwa hatua. Kukanda. Kufunika. Kuacha unga upumzike. Hapo nikasimama. Msomaji wangu, popote alipo, ana nusu saa mikono mitupu, akingoja unga. Nilikuwa nikimvizia mlangoni akitoka, kumbe alikuwa ameketi ndani muda wote.

Kesho yake niliingiza sentensi katikati ya ukurasa: "Unga ukipumzika, wewe una nusu saa. Mimi nusu saa yangu huitumia na binti yangu, asiyesikia, ambaye siku moja alinifundisha kusema 'unga' kwa mikono akanicheka mpaka akakaa chini. Nilikosea nini? Soma hapa." Na kila ukurasa wa binti yangu nikaupa mwisho mpya, sentensi moja ya kuelekeza kwenye ule unaofuata. Kwenye ukurasa wa sita niliandika: "Lakini kuna mtu nyumbani ambaye ana jina la mikono na hajui kwamba analo."

Siku ya nne nilikuta ujumbe chini ya ukurasa wa tisa. Uliandikwa na baba mmoja wa Kawangware. "Nilikuja kutafuta chapati," aliandika. "Nina mtoto wa miaka minane asiyesikia. Sijawahi kuongea naye. Nimesoma kurasa zote tisa. Unga umekauka na sijali."

Nilipiga ukemi. Watu wote mle saiba waligeuka. Mwalimu alikuja, akasoma, akavua miwani akaifuta kwa leso yake, akairudisha, akasoma tena.

Wakaja wengine: nyanya wa Uthiru aliyemwomba jirani yake amwandikie, mama wawili wa Dagoretti, mwanamke aliyefanya kazi za nyumba Spring Valley na kusoma kurasa zangu kwa kompyuta ya mwajiri wake, kwa ruhusa. Wote waliuliza jambo moja: tutajifunza wapi? Nikawajibu bila kufikiri sana kwamba tukutane Jumamosi katika ukumbi wa kanisa letu Kangemi, tufundishane tunachokijua.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia mume wangu. Alikuwa mtunza bustani katika mtaa wa Karen, akilala huko huko kazini, na nyumbani tulimwona Jumapili na mara moja katikati ya wiki. Binti yetu alimpenda, lakini mazungumzo yao yalikuwa ya kuonyeshana vitu kwa kidole.

"Umemweka mtoto wetu kwenye kompyuta?" aliniuliza. "Watu wote wajue?"

"Njoo usome kwanza, baba. Ukimaliza, ukitaka nifute, nitafuta."

Alikuja siku yake ya mapumziko, amevaa shati la kanisani kana kwamba anaenda kortini. Mwalimu alimpa kiti kizuri na kumwonyesha kipanya. Nilimfungulia ukurasa wa chapati nikarudi nyuma kidogo. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Alipofika penye unga kupumzika alinigeukia. "Alikucheka kwa nini?"

"Bofya."

Akabofya. Hakuniuliza tena. Alitoka ukurasa mmoja akaingia mwingine, na kwenye ule wa pili alicheka peke yake. Wa sita ukamkawiza. Nilijua ameifikia ile sentensi kuhusu mtu mwenye jina asilolijua. Akabofya, na ukurasa wa saba ukafunguka. Nilikuwa nimeandika humo kwamba kila Jumapili asubuhi binti yetu husimama dirishani, akasugua kidevu chake mara mbili kwa vidole, halafu akanitazama kuniuliza, na kwamba ilinichukua mwezi mzima kuelewa kuwa hicho kidevu ni ndevu za babake.

Mume wangu aliushika mkono wangu bila kugeuka.

"Hivi," alisema, akijisugua kidevu mara mbili. "Hivi ni mimi?"

"Ni wewe."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

Alimaliza kurasa zote. Tulipofika nyumbani binti yetu alikuwa kwa jirani, akaja mbio. Mume wangu alichutama katikati ya ua, watu wakitazama, akamwonyesha binti yake kidevu, mara mbili, kisha akajigonga kifua: mimi. Mtoto aliganda. Alinitazama, akamtazama babake, akarudia ishara ile kwa nguvu hadi kidevu kikawa chekundu. Halafu akamrukia shingoni. Sijawahi kuona mtu mzima akilia na kucheka kwa sauti kubwa hivyo, na yule aliyemkumbatia hakusikia hata kidogo, lakini alikuwa ameweka kiganja juu ya koo la babake, akaipata yote.

Jumamosi, mume wangu ndiye aliyepanga viti ukumbini. Nilitarajia watu sita. Viti vilijaa, wengine wakakaa madirishani. Binti yangu alisimama mbele, soksi moja imeshuka, akawafundisha watu wazima neno kwa neno, na aliyekosea alirudishwa mwanzo bila huruma. Tulikutana kila Jumamosi. Baada ya muda mwalimu mmoja asiyesikia alikubali kutufundisha vizuri, kwa maana mimi na binti yangu tulikuwa tumefika mwisho wa tuliyoyajua. Blogu ikakua, wazazi wengine wakaandika kurasa zao, na kila mmoja nilimfundisha jambo lile lile nililofundishwa: usimwambie mtu asome, mwambie kuna nini mbele.

Kati ya siku zote hizo, ipo moja ninayoipenda zaidi. Yule baba wa Kawangware aliingia ukumbini amechelewa, jasho linamtoka, amemshika mtoto wake mkono. Alisimama katikati yetu akapaza sauti.

"Jamani, huyu amenidanganya!"

Tukamtazama.

"Nimemuuliza kwa mikono nani amemaliza sukari. Akaniambia kwa mikono, paka. Sisi hatuna paka!" Alikuwa akitetemeka kwa furaha. "Miaka minane hajaniambia neno. Leo amenidanganya uongo mzima, una mwanzo na mwisho!"

Ukumbi ukainuka. Mwalimu wetu asiyesikia aliuliza kwa mikono kuna nini, nikamtafsiria, naye akainua mikono yote miwili juu akaitikisa, ambayo ndiyo makofi ya watu wasiosikia. Sote tukaiga. Mume wangu, ambaye ni mrefu kuliko wote, mikono yake ilikuwa juu kupita ya kila mtu, na yule mtoto mwongo alizunguka kututazama mmoja mmoja, asijue kosa lake limekuwaje sherehe.